Vidole vya Ndani ya Moyo

6 Februari

Mke mwenza wangu,

Kama miguu imekufa, sema nikutumie mkongojo. Miaka mitatu hujakanyaga hapa. Umeniachia marehemu babu yako nimlilie peke yangu, na wewe ndiye uliyekuwa ukijiita mke mdogo. U mzima? Unakula, au unakunywa chai tu mbele ya kompyuta? Mimi sijambo, sijambo kabisa, na hilo ndilo ninalogombana na watu.

Anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipigie pasi maneno.

Mwezi uliopita kizunguzungu kilinishika buchani, nikaegemea gogo la kukatia. Mjomba wako akanikokota hospitali. Huko wakanisukumia ndani ya lile bomba la MRI, linagonga kama mafundi wa mabati. Sauti ikatoka juu ikaniambia nibane pumzi. Nikajibu, "Nimebana, mwanangu." Ikasema tena, nikajibu tena, maana mtu hasemeshwi akanyamaza. Yule binti wa mashine akaja kunieleza kwamba anayejibu hajabana. Tukaanza upya, nikakaa kimya kama mkwe.

Halafu daktari akasema nyama ya moyo wangu ina gramu mia na hamsini na nane, imezidi sana, kwa hiyo nisiguse tena panga. Nikamuuliza kama ameutazama huo moyo. Akasema amesoma majibu. Kompyuta yenyewe inazichorea zile picha mistari, inaizungushia nyama, inapiga hesabu. Na hiyo programu, akasema, imetoka kwenye kituo chenu, hicho hicho unachofanyia kazi. Yaani mjukuu wangu amenipima bila kunijulia hali.

Mjomba wako kachukua funguo za bucha. Miaka arobaini nimesimama pale, leo nakaa mlangoni kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Sasa swali. Nimepasua mioyo ya ng'ombe mingi kuliko siku ulizoishi. Ndani mna vidole vya nyama, vimeshikilia nyuzi. Hiyo kompyuta yenu imevihesabu vile vidole au imeviacha? Nijibu hilo kwanza. Salamu nyingine baadaye.

Bibi yako

---

19 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, na zaidi kwa hiyo miaka mitatu. Mimi mzima, nakula. Kizunguzungu kimekuachia? Unalala vizuri?

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika kwenye swali nikakaa.

Ndiyo, Bibi. Kompyuta inavihesabu. Katika picha, vile vidole vimegandana na ukuta wa moyo, na sisi tunaoichorea mifano ya kujifunzia tuliona ni rahisi kuifundisha ichukue vyote pamoja. Lakini ile orodha ya uzito wa mioyo ya watu wazima wenye afya, tunayoitumia kusema huyu kazidi na huyu hajazidi, ilitengenezwa na watu walioviacha vidole nje.

Nilimpelekea mkubwa wangu wa kazini swali lako. Akasema madaktari wakichora kwa mkono kila mmoja anapata lake, ila programu yetu ukiipa picha ileile mara mia inakupa jibu lilelile. Akasema tofauti ni ndogo, na hospitali zimeshaizoea.

Kwa sasa, Bibi, tafadhali msikilize daktari. Usinyanyue kitu.

Mjukuu wako

---

2 Machi

Wewe mtoto,

Salamu zako zimefika, nazirudisha. Nimelala vizuri mpaka niliposomewa barua yako.

Mwambie mkubwa wako kwamba hata mizani mbovu hutoa jibu lilelile kila siku. Marehemu babu yako aliwahi kuwa nayo, ilikuwa haibadiliki hata punje, na tulikaribia kupigwa sokoni kwa sababu yake. Nyie mmepima nyama na mfupa wake, mkailinganisha na mnofu mtupu, halafu mkamtangazia mtu kwamba amenenepa. Mteja wangu yeyote angenirushia usoni.

Na usidhani nalia na funguo zangu tu. Siku ile kwenye foleni ya hospitali kuna dada alinipisha kiti. Mtoto mmoja anaye, anatamani wa pili. Alitoka kwa daktari macho mekundu, kaambiwa nyama ya moyo imekuwa nene, asibebe mimba tena. Niambie, mjukuu wangu, wake nao ulipimwa na vidole?

Dawa za presha nilizopewa nameza, sikuzaliwa mjinga. Kama moyo wangu ni mbovu kweli, nitakaa. Lakini nataka nikalishwe na ukweli. Sikukulea uwe mtu wa "mkubwa kasema". Hata babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mkubwa humu ndani, na unajua tulivyokuwa tukiishi.

Usiniandikie mpaka uwe umefanya jambo.

Bibi yako

---

28 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Uliniambia nisiandike, nikatii. Hujambo? Mjomba je, mnaongea?

Nimefanya jambo. Mkubwa alinikataza kulifanya saa za kazi, kwa hiyo nilikuwa nakuja ofisini kila Jumamosi na Jumapili. Nilichukua picha za watu mia mbili na kumi na mbili, nikazichora kwa mkono moja moja, vidole nikaviacha nje. Nilianza na wako. Gramu mia na thelathini na nne.

Katika hao, watu thelathini na mmoja walioambiwa wamezidi, hawajazidi.

Niliziweka karatasi mezani siku ya mkutano na madaktari wa hospitali zinazotutumia picha. Mkubwa akasema mimi ni mtu wa kuchora, si wa kuhoji. Hapo daktari mmoja mzee akamgeukia akamuuliza swali lako, neno kwa neno: vile vidole, imevihesabu au imeviacha? Mkubwa akavuta karatasi zangu, akaanza kuzipekua. Programu imesimamishwa mpaka michoro na orodha vilingane, na hospitali zimeagizwa kuwaita watu wao upya.

Waliniuliza wazo nimelipata chuo gani. Nikasema kwa muuza nyama. Wakacheka, mimi sikucheka. Wiki iliyofuata nilihamishiwa chumba cha kupanga mafaili. Sijutii.

Ila wako bado umezidi kidogo, Bibi, ni hiyo presha. Dawa usiruke hata siku moja. Kisu ni chako, mifupa mizito mwachie mjomba.

Tena naona aibu kusema hili. Nimechora mipaka ya maelfu ya mioyo, na hata mmoja sijawahi kuushika. Julai nina likizo.

Mjukuu wako

---

11 Juni

Mke mwenza wangu mpendwa,

Mimi mzima, na safari hii nasema nikiwa nimesimama nyuma ya gogo langu. Fundi cherehani kaja kuniandikia hukuhuku, analalamika karatasi inanuka damu. Nimemwambia avumilie.

Daktari aliniita. Safari hii alizifungua picha zenyewe, tukazitazama wote wawili. Nilimwonyesha vidole kabla hajanionyesha yeye. Akaniandikia karatasi mpya. Nilimkunjulia mjomba wako mbele ya wateja, akaisoma, akaweka funguo juu ya kaunta. Sasa mifupa anapasua yeye, mimi namshikia na kumtukana.

Yule dada wa foleni naye aliitwa. Majibu yake sikumuuliza, si yangu. Lakini jana alipita hapa, akanunua maini, akasema daktari kamwambia ale ili damu irudi, maana atakuja kuwa na wawili wa kuwabeba. Nilimwongezea kipande.

Huko kwenye mafaili usiinamishe kichwa. Aliyekuhamisha ameshindwa na swali la mtu asiyejua kusoma, na yeye mwenyewe anajua.

Dawa nameza asubuhi na jioni.

Ukija Julai, usianzie nyumbani. Pitia buchani. Nawa mikono hadi viwikoni, vaa aproni ya babu yako, ipo msumarini palepale. Nitakuwekea moyo wa ng'ombe viganjani, upasue, uviguse vidole, kisha uniambie una uzito gani. Mizani nitakuwa nimeifunika.

Bibi yako, mke mkubwa