Mwandishi Aliyekwenda Kugombea Kata

Doha, Qatar
Ijumaa, baada ya sala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, nikiomba barua hii ikukute umekaa barazani na goti limetulia. Ile dawa ya kuchua niliyompa shemeji akuletee inakusaidia? Na presha ya Mama imeshuka? Mwambie asinifiche. Nimesikia vuli imewafikia Muheza na mihogo imeshika, alhamdulillahi. Huku mvua ni hadithi tu, ila joto limeanza kupungua. Sasa mtu anaweza kusimama getini mchana bila kuhisi soli za viatu zinayeyuka. Bado nalinda ile hoteli ya West Bay, mlango wa nyuma wa wafanyakazi, na bado tunalala kambi ile ile nje ya mji.

Uliniuliza kwenye simu, "Yule Mnepali mwenye masharubu kwenye picha, mbona humtaji tena?" Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Kwa kuwa mwenzetu Saidi anakuja likizo Tanga, nimeona nikueleze kwa kalamu, maana jambo lenyewe ni refu nawe hupendi habari ya nusunusu.

Anaitwa Gopal. Kabla ya kuvaa sare ya ulinzi alikuwa mwandishi wa habari kwao. Huko, Baba, mtu huzaliwa ameshapangiwa daraja, na jina la ukoo ndilo linalomtangaza. Waliowekwa chini kabisa hujiita Wadalit. Ukoo wa Gopal ni wahunzi. Baba yake hufua majembe na mapanga ya kijiji kizima, lakini akienda kunywa chai mgahawani hukaa nje, na akimaliza huosha glasi mwenyewe kwa sababu mwenye mgahawa hataki kuishika. Aliponieleza nilidhani ni mambo ya zamani. Akacheka. "Zamani gani? Ni juzi, kabla sijapanda ndege."

Alikuwa akiandikia gazeti la wilaya. Siku moja mama mmoja wa kwao alipigwa kwa kuchota maji kwenye bomba linalotumiwa na watu wa daraja la juu. Gopal akaenda, akaandika, habari ikatoka ukurasa wa mbele. Akampelekea yule mama nakala, akamsomea. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umeandika vizuri, mwanangu. Sasa kesho nichote wapi?"

Gopal akarudi gazetini. Aliendelea kuandika, lakini swali lile lilimkaa kichwani. Baadaye gazeti likafungwa. Akaenda mjini kutafuta kazi, na kila mwenye nyumba akilisikia jina la ukoo, chumba kinakuwa kimeshapata mpangaji. Ndipo akaja huku.

Hapa kambini alijitambulisha kwa jina moja tu. Wanepali wenzake walikuwa na jiko la pamoja, wakapika naye na kula naye vizuri, mpaka siku msimamizi aliposimama uani kugawa vitambulisho akasoma majina kamili kwa sauti. Kesho yake Gopal alikuta sahani yake imewekwa peke yake dirishani. Hakugombana. Aliichukua akaja chumbani kwetu, mimi nasonga ugali. Nikamwambia, "Kaa, ndugu yangu. Ila sisi tunakula sinia moja." Alinitazama kidogo, kisha akaenda kunawa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa chumba chetu.

Alianza tena kuandika, safari hii kwa simu, akiupelekea mtandao mmoja wa habari wa kwao. Aliandika jinsi hayo madaraja yanavyopanda ndege pamoja na watu. Nilidhani atatosheka na hapo. Kilichombadilisha ni mzee Harka.

Harka ni mfanya usafi, naye wa ukoo wa kihunzi, ila miaka yote alijiita jina la ukoo wa juu ili aishi kwa amani. Akaja mgeni anayetoka kijiji chake, akamtambua. Wenzake wa chumbani wakachukua godoro lake wakaliweka koridoni, naye ana homa. Gopal alitoka kazini pamoja nami akamkuta pale, pana joto kama jikoni. Akatoa simu apige picha aandike. Harka akajifunika uso. "Usiniandike, mwanangu. Nina wajukuu nyumbani."

Gopal akairudisha simu mfukoni. Akageuka kwangu. "Hamisi, shika huku."

Tukabeba godoro. Mkubwa wa chumba akasimama mlangoni. "Hii ni mila yetu. Ninyi Waafrika haiwahusu."

Nikamjibu, "Mila zenu sizijui. Ninachojua, kitanda ni cha kampuni, na kampuni imempa mzee huyu."

Gopal akazungumza nao kwa lugha yao, taratibu kabisa. Baadaye alinitafsiria. Aliwaambia, "Basi linatubeba sote, sare ni za kampuni moja, na nyumbani watoto wetu wote wanatuita baba kwenye simu. Anayejua mzee huyu anamchafua vipi, aseme nimsikie." Mmoja wao akaondoa begi lake juu ya kitanda cha Harka. Tukamlaza.

Kuanzia hapo, Baba, Gopal hakuwa tena mwandishi tu. Kila Ijumaa akawa anakutana na watu wake bustanini kule ufukweni, watatu hapa, wanne pale, kila mmoja anataja jina lake kamili mbele ya wenzake. Nilikwenda mara moja. Niliona wanaume wazima wakitaja majina ya baba zao, kisha wanayarudia kwa sauti zaidi. Mkuu wa kambi akamwita. "Nasikia unafanya mikutano. Ukiendelea nakurudisha kwenu."

"Tunakunywa chai tu, bwana."

"Basi kunyweni wachache."

Ndipo zikaja habari kwamba kwao kutakuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Wazee wa kijijini wakampigia simu, agombee uenyekiti wa kata. Akaniuliza ushauri. Nikamwambia ukweli wangu: asiende. Kazi ya hapa ikishaachwa hairudi, na wenye daraja la juu hawatampa kura mhunzi. Akanisikiliza kama anavyosikiliza siku zote, kichwa ameinamisha. Kisha akampigia mkewe, Maya. Yule mama hana maneno mengi. Alisema, "Kama unakuja kushinda uchaguzi, usije. Kama unakuja kukaa, njoo."

Gopal akaomba kampuni ruhusa ya kuondoka, akaisubiri kwa wasiwasi mpaka ikatoka. Siku ya kuondoka Harka alimvika kitambaa cha manjano shingoni, kama kwao wanavyomuaga msafiri. Mkubwa wa chumba alisimama mbali, hakusogea, ila alinyanyua mkono.

Alishindwa, Baba. Walimwita mtu wa Uarabuni, wengine wakakataza hata karatasi zake za kampeni kugusa kizingiti chao. Lakini sheria ya kwao imetenga kiti kimoja kila kata kwa mwanamke wa Kidalit, na watu walimshikilia Maya agombee kiti hicho. Akashinda. Gopal alinipigia akicheka mpaka anakohoa. "Niliacha Doha ili niwe mwenyekiti, sasa namchemshia mheshimiwa chai!"

Nikamuuliza kama wanamsikiliza Maya kikaoni. Akanijibu, "Bado. Ila hawawezi tena kukaa wakaamua mambo yetu sisi tukiwa nje." Kikao cha kwanza Maya aliuliza habari ya lile bomba. Wakasema hilo si la leo. Kikao cha pili akauliza tena. Cha tatu wakaliandika. Sasa wote wanachota hapo mchana kweupe, ingawa wapo wanaosuuza ndoo zao mara mbili wakimfuata mhunzi. Gopal ameanzisha ofisi ndogo ya kuwapeleka watu wake polisi na mahakamani, maana peke yao hufukuzwa mlangoni. Uchaguzi ujao atagombea tena. Mara hii sikumkataza.

Nisalimie Mama na umwambie asipunguze dawa. Msalimie shangazi Mwanaisha aliyenilea nikiwa sekondari, mjomba Bakari fundi cherehani wetu, na dada Zuhura na wanawe. Huyo mdogo nimesikia anatambaa. Jirani yetu Mzee Kombo, mwadhini, mwambie namkumbuka katika dua.

Jambo moja la mwisho, nalo nakuomba Mama asilijue kwanza. Kampuni imeruhusu kila ghorofa ya kambi imchague mtu wa kuzungumza na wakubwa habari za maji, chakula na magonjwa. Ghorofa yetu ina Wanepali, Wakenya, Waganda na sisi. Wiki iliyopita walikaa wakanitaja mimi. Najua aliyewasemea wenzake hapa kambini alitishiwa kurudishwa kwao, nami nimelifikiria hilo siku kadhaa.

Nimekubali, Baba. Niombee.

Mwanao,
Hamisi