Namba za Baba Zimebadilika

Szolnok, 4 Novemba

Kaka Zalán,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya huko Göteborg haijawaelemea, wewe na wifi Katinka, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu wakupunguzie kazi ya kuchomelea. Mimi mwilini ni mzima. Baba anakula vizuri, anakwenda sokoni mwenyewe, na Jumapili alimaliza sahani mbili za kabichi ya kujazwa nyama. Ukimpigia atakwambia hana neno. Mimi pia nimekuwa nikikwambia hivyo, na ndiyo maana leo naandika, kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara tatu nikashindwa.

Kazi yangu ya poka mtandaoni unaijua, na unajua Baba naye, tangu astaafu reli, hucheza kwa dau dogo kila baada ya chakula cha mchana. Usilolijua ni kwamba sisi wa kazi hii hatutazami karata peke yake. Tuna programu inayomrekodi kila tunayekaa naye mezani: karata zikigawiwa mara mia, ameingia mchezoni mara ngapi, amepandisha dau mara ngapi, ametishwa akakimbia mara ngapi. Kisha kila mtu tunambandika lebo. Mchezaji mgumu huwa wa kijani. Anayecheza ovyo tunamwita samaki, lebo yake nyekundu, na hao ndio tunaowafuata kuwala fedha zao.

Namba ya Baba ya kuingia mchezoni ilikuwa kumi na nne. Kwa miaka sita mfululizo, mara kumi na nne kwa mia, haipandi haishuki. Nilimwandikia pembeni: "Mwamba. Akipandisha dau, kimbia." Dezső, ninayefanya naye kazi chumba kimoja, hajui mpaka leo kwamba ni baba yangu. Alikuwa akisema huyo Vili1951, ndilo jina analochezea Baba, akiweka dau, hata padri aanze kutubu.

Mwezi wa tatu namba ikawa kumi na tisa. Nikajiambia labda mzee amechoka kusubiri karata nzuri. Mwezi wa tano, thelathini na moja. Tena akaanza kupitwa na muda: saa ya mezani inahesabu, yeye kimya, mpaka karata zake nzuri zinatupwa zenyewe. Nilipomuuliza alicheka, akasema mtandao wa nyumbani unasuasua. Nilikwenda nikaupima, haukuwa na kasoro yoyote. Nilitoka pale, na jioni ile nikakwambia Baba anakusalimu sana.

Wiki mbili zilizopita nilimkuta jikoni gesi ikitoa harufu, moto haujawashwa, naye amekaa akisubiri kahawa ichemke. Hapo nikamwambia ninachokiona. Hakukasirika, Kaka. Ningependa angekasirika. Alisema, "Binti yangu, karata naziona. Ninachotakiwa kufanya nazo ndicho kinachoniponyoka." Amekubali kwenda kwa daktari wa ubongo tarehe kumi na tisa, kwa sharti kwamba wewe usiambiwe, eti utaacha kazi bure. Ahadi hiyo naivunja kwa barua hii.

Lakini kuna jambo jingine, na hili hajui mtu.

Septemba, mchana mmoja, Dezső aligeuza kiti akaniita. "Emőke, njoo uone maajabu. Yule mwamba wetu kageuka samaki. Hamsini na mbili kwa mia, na hakimbii hata umtishe kwa bunduki. Kaa upesi, wenzako hawajamnusa bado."

Nilikaa, Kaka. Nilijiambia nataka kuhakikisha tu. Nilimtisha bila karata yoyote ya maana, akalipa dau, hakukimbia. Nikaja na karata nzuri, akalipa vilevile. Kila nilichofanya nilikifanya kwa kusoma namba zake, na kila kitu kilikwenda kama namba zilivyosema. Saa nzima nilimla baba yangu, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye lebo yake ukaibadilisha kuwa nyekundu.

Mwishoni aliniandikia ujumbe pale mezani: "Umecheza vizuri, bwana. Sikujui, lakini hongera."

Kaka, jina ninalochezea alinichagulia yeye. Ni jina la utotoni la Mama, ambalo ukubwani Baba peke yake ndiye aliyekuwa akimwita. Lilikuwa mbele yake saa nzima.

Nilimpigia papo hapo. Sauti yangu aliitambua, akaniuliza kama nimekula. Akanihadithia kuna bwana mmoja stadi kweli amemfunga leo, nijihadhari naye. Nikasema nitajihadhari. Tangu siku hiyo naogopa kufungua programu, na naogopa zaidi kutoifungua. Kila asubuhi naangalia kwanza namba zangu mwenyewe, kuona kama zimesogea.

Fedha zile nimemrudishia kidogo kidogo kwa kumnunulia vitu vya nyumbani. Hilo halinipi usingizi. Njoo kabla ya tarehe kumi na tisa, wakati bado atakuita kwa jina ukiwa mlangoni.

Msalimie sana wifi, umweleze yote. Majirani wa ghorofa ya chini wanakutakia heri.

Ni mimi mdogo wako,
Emőke