Nusu Saa ya Bubu

Jumapili asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu mengine utayasoma huko chini, na nakuomba usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka barua za marehemu baba, ukikimbilia mwisho kuona ametuma nini. Hii isome yote.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili: Mama anakuja kwako lini, na gari tulitengeneze au tuliuze. Uliyaandika kama mambo mawili tofauti. Basi nianze na gari.

Bubu amezeeka. Unakumbuka Mama alivyolibatiza jina hilo siku uliyotuletea gari, mwaka ule baada ya kumzika baba? Alisema gari gani hili linaondoka bila hata kukohoa, litamgonga mtu naye bado anauliza liko wapi. Tulicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu msiba. Haibridi yako, gari la petroli na umeme, ilikuwa inazunguka mtaa mzima kwa umeme. Sasa ile betri kubwa chini ya kiti cha nyuma imechoka, injini inajiwasha yenyewe hata gari likiwa limesimama. Betri ndogo nayo ndiyo korofi kabisa: asubuhi nabonyeza kitufe, kimya, nachelewa kazini na walimu wenzangu wananicheka. Fundi alipima akasema betri kubwa mpya inakaribia bei ya gari lenyewe, na kwamba lingekuwa lake angeuza. Nikamwambia gari ni la kaka, ngoja nimuulize. Akanipa dawa ya kusogeza siku: kila nikirudi nisilizime, niliache limewaka nusu saa lijaze ile betri ndogo. Nikafanya hivyo miezi minne, mimi nikisubiri neno lako, nawe ukisubiri langu. Kwa kuahirisha, wewe na mimi hatuna mpinzani.

Narudi kutoka shuleni saa nane mchana. Naliingiza bandani, nafunga mlango wa banda, maana vioo vya pembeni viliibwa vyote viwili mchana kweupe, nikanunua vingine. Naacha ile taa ya kijani mbele ya usukani, inayoonyesha gari limewaka, naenda zangu jikoni kusahihisha madaftari. Nusu saa mara nyingine ilikuwa saa nzima. Gari lenyewe halisemi kitu, nani atakumbuka?

Mama naye yuko upande wa pili wa ukuta, na cherehani yake. Unakijua kile chumba, na yale matundu ya hewa aliyoyaacha baba juu ya ukuta alipojenga banda. Dirisha Mama alikuwa halifungui, kisa vumbi la barabarani na mashati meupe ya wateja.

Maumivu ya kichwa yalianza kidogo kidogo. Asubuhi nilikuwa namwacha mzima, ananitania kwamba nimevaa sketi kama gunia. Jioni namkuta amelegea, uso mwekundu, anasema chumba kinazunguka. Wiki aliyokwenda kukaa kwa shangazi alirudi amenawiri, anaimba. Siku mbili tu hapa nyumbani, kichwa kikarudi. Shangazi akasema kwa utani kwamba nyumba yetu haimpendi. Nilikasirika, kaka. Nilimjibu vibaya.

Kisha likaja lile shati. Mteja alilivaa palepale mlangoni, mkono mmoja ukakaa sawa, mwingine ukamgeuka. Mama alikuwa ameshona mikono miwili ya kushoto. Mama yule yule aliyewahi kufumua gauni zima kwa sababu ya mshono mmoja! Alicheka pamoja na mteja, akamwomba radhi, akaingia ndani. Nikamsikia analia.

Paka wetu, yule wa sikio lililochanika, alikuwa na tabia ya kulala kwenye boneti penye joto. Siku moja tulimkuta amekufa chini ya gari, hana hata jeraha. Tukasema ni sumu ya panya ya jirani. Nikamzika nyuma ya nyumba, nikanawa mikono, na kesho yake nikamwacha Bubu anachaji kama kawaida.

Ndipo nilipokuandikia kwamba Mama anaanza kusahau, nawe ukajibu kwamba ni uzee, aache kushona, umemwandalia chumba. Nilidhani atapinga. Hakupinga. Aliita mshonaji wa kule madukani akampa cherehani bure, akabaki na mkasi tu, ameufunga kwenye kitambaa. Aliniambia afadhali aitoe wakati bado anajua inaitwaje. Na mchana aliendelea kukaa kwenye chumba kile kile kwa mazoea, anakata vitambaa visivyo vya mtu.

Jumanne nilisikia kishindo. Nilimkuta sakafuni, macho wazi, hanijui. Nikambeba mpaka bandani, na nilipoona taa ya kijani inawaka nikamshukuru Mungu kwamba gari liko tayari! Nilimshukuru, kaka. Nikafungua mlango, nikaendesha nimeshusha vioo vyote vya milango kwa sababu hata mimi kichwa kilishaanza kugonga, na njiani Mama akaanza kurudi, akauliza tunakwenda wapi.

Daktari akaniuliza kama ndani tunatumia jiko la mkaa, au kama kuna jenereta karibu na chumba chake. Nikasema hapana, tena kwa kujiamini. Akaniangalia, akasema nifikirie vizuri, damu yake ina hewa ya sumu ya moshi.

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Nikaliingiza gari, nikafunga mlango, nikaliacha linawaka, makusudi, nikaenda kusimama chini ya yale matundu. Kimya. Baada ya dakika chache injini ikajiwasha yenyewe, ikaunguruma taratibu, ikazima, ikawaka tena. Cherehani ingekuwa inalia nisingeisikia injini. Nilikimbia kulizima, nikaufungua mlango wa banda wote.

Jumatano nilikwenda kwa fundi, nimewaka moto, nimwambie nusura aniulie mama. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta mikono, kisha akaniuliza kwa upole kama hakuniambia niliache nje, penye upepo.

Aliniambia. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Lakini nje kuna wezi wa vioo, na mimi nikajiambia gari lisilo na sauti litakuwa na moshi gani. Katika barua zangu zote nilikuandikia nusu saa, neno “nje” sikuliandika hata mara moja. Hata humu nimeliruka. Rudi juu usome.

Kwa hiyo Mama hakuwa mzee wa kusahau. Ni mimi, mwanawe, niliyekuwa namtia moshi kila siku saa nane. Nimemwambia yeye mwenyewe. Alinishika kidevu akasema tusiongee habari hiyo, na mimi nimeshindwa kunyamaza kwako.

Gari tuliuze, na anayenunua aambiwe yote. Lipo nje, vioo vikiibwa viibwe. Mshonaji nimemfuata, amekubali kurudisha cherehani. Nakuomba usimhamishe Mama kwa kosa langu. Na kama utaona mimi ndiye nisiyefaa kukaa naye, njoo uniambie usoni, nitakubali. Ametoka hospitali Ijumaa. Daktari anasema mengi yatarudi, mengine hawezi kuahidi. Naogopa, kaka.

Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Mama tumekaa naye hapa kibarazani, mkasi uko mapajani, ameuliza namwandikia nani. Nilipomtajia jina lako amefurahi sana. Anakusalimu, anasema ule vizuri, uwe unavaa sweta asubuhi. Na anasema ukimwona baba yetu umwambie asichelewe kurudi, chakula kinapoa.

Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi,
Mdogo wako