Kopo Kwenye Nguzo ya Uzio

Skarvika,
Vesterålen.
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Gunnvor,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Hobart, na mguu wa shemeji Colin umepona? Huku jua halizami sasa, kwa hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu, ila mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa. Tangu tumzike mume wangu Eilif mwanzoni mwa Mei, nyumba imekuwa kubwa mno, nami natembea humo nikijisemesha.

Usijilaumu kwa kukosa mazishi. Mbali ni mbali.

Unawajua watu wetu: hawaji. Si kwamba hawana huruma, wanaogopa kumsumbua mfiwa. Wananipungia mkono barabarani, kisha wanaongeza mwendo. Nakuta sufuria ya supu ya samaki mlangoni, aliyeileta simwoni. Nawashukuru, na wakati mwingine nawachukia, maana supu haizungumzi na mtu.

Sasa nikuambie la kopo. Mwishoni mwa Januari, siku tuliyokula maandazi ya kulilaki jua baada ya giza la majira ya baridi, nilifunga kopo la bia kwenye nguzo ya uzio. Ndiyo kazi yangu siku hizi, baada ya miaka ya kupiga picha za ukoga wa miamba kwa hadubini. Ndani ya kopo unakunja karatasi ya picha, ubavuni unatoboa tundu kwa sindano, kisha unaliacha miezi. Jua linajichorea njia yake kila siku, mstari juu ya mstari. Kinachotulia kinaonekana. Kinachopita, kiwe mtu au gari, hakiachi hata kivuli.

Nililielekeza kwenye benchi la Eilif. Tangu ugonjwa umkondeshe alikuwa hataki kupigwa picha, akiona kamera anageuza uso. Lakini hapo benchini alikaa kutwa, blanketi magotini, kahawa mkononi. Nikamwambia, "Wewe tulia tu, mzee, kopo litakuona." Akacheka: "Afadhali, nimepata kazi ninayoiweza." Nilitumaini kukaa kwake kwingi kungeacha alama. Picha ya mwisho ya mume wangu ilikuwa humo, Gunnvor, na sina nyingine.

Baada ya mazishi ikafika Jumamosi ya dugnad, ile kazi ya pamoja ya kusafisha kijiji kila masika. Sikutoka. Majirani wakaamua kunifanyia hisani: wakafagia ua wangu, wakazoa majani, wakapaka rangi uzio mzima. Nilipochungulia walipokwisha kuondoka, nguzo ilikuwa nyeupe pe, kopo halipo.

Nilisahau kama mimi ni mfiwa. Nikaenda kwa Torleif, jirani wa ng'ambo ya barabara, na viatu vya ndani.

"Kopo langu liko wapi?"

"Kopo gani tena, dada Oddny?"

"La kwenye nguzo!"

"Lile la bia? Tulisema, maskini, tangu Eilif aondoke mwenzetu ameanza kunywa hadi uani. Tukaliondoa kimyakimya usije ukaona haya."

"Limezibwa mkanda mweusi juu na chini! Umeona wapi bia ya hivyo?"

"Bia za siku hizi, nani anajua?"

Nikacheka, Gunnvor, kisha nikalia palepale mlangoni pake. Torleif hakujua aiweke wapi mikono yake. Akavaa koti, akanipeleka kwenye kituo cha taka, tukapekua mifuko ya makopo mpaka tukalipata. Lilikuwa limebonyea, ila halijafunguka.

Karatasi ya namna hii haisafishwi kwa dawa. Ukishaitoa, mwanga uleule ulioichora unaanza kuila. Una nafasi moja ya kuinakili kwa mashine, basi. Nilikaa na kopo siku kadhaa bila kuthubutu. Wiki iliyopita nikafunga mapazia, nikalifungua, nikainakili karatasi.

Eilif hayumo. Benchi lipo, bahari ipo, njia za jua zimepangana juu yake vizuri ajabu, na benchi ni tupu; kukaa kwake kwingi hakukutosha kuacha alama. Nikaona nimefiwa mara ya pili.

Ndipo nilipotambua kwamba njia za jua zinakatika. Za Februari zipo, za Machi zipo, za katikati ya Aprili hazipo tena. Na nyuma ya benchi, kwa mbali, kuna picha ya pili imelala chini ya ile ya kwanza: ukuta wa nyumba yetu na dirisha la jikoni. Kopo liligeuzwa. Wakati ule hakuna mwingine aliyekanyaga ua wetu. Eilif, ambaye kuinuka kwake tu kulikuwa vita, aliinuka, akajikokota hadi kwenye nguzo, akaligeuza linitazame mimi.

Nami simo. Dirisha lipo, mimi simo, kwa sababu sikutulia. Nilikuwa mtu wa kupita tu, sinki, jiko, simu, dawa. Laiti ningalijua ananitazama, ningaliacha vyombo nikatoka kukaa naye.

Jumba la sanaa la Bodø litaitundika vuli hii, kwenye maonyesho ya nuru, mawe na watu. Waliniuliza waandike nini mahali pa jina la mpiga picha. Nimewaandikia: Eilif Nygårdsvoll.

Nisalimie Colin, na Tamsin umbusu kwa niaba ya mama yake mkubwa. Torleif anakusalimu. Siku hizi huja kunywa kahawa, kisha huenda zake. Mungu awalinde, na akujalie siku moja uione nyumba hii ningali humo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka,

Oddny