Udongo Chini ya Mabati

Visby, 14 Septemba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limekuruhusu kupanda tena baiskeli. Mimi sijambo, ingawa baridi imewahi. Tangu nikiwa shule ya bweni ulinizoesha kwamba simu ni ya kujuliana hali na barua ni ya kusema jambo. Basi naandika kwa mkono, nitaipiga picha, nawe utaisoma kwenye kioo cha simu kama kawaida yetu.

Jambo lenyewe ni kanisa. Jumapili iliyopita uliniambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mbuzi, kwamba kamati imeazimia kulibomoa mwezi ujao, lijengwe jipya la vigae. Kanisa la tembe, udongo tangu kuta hadi paa! Lile ambalo Babu na wenzake walilikandika kwa viganja vyao mwaka 1931.

Baba, mji huu ninaosomea uhifadhi wa majengo una makanisa ya kale zaidi ya kumi ndani ya ukuta mmoja. Yana miaka mia saba, mia nane. Moja tu lina paa na waumini; mengine ni magofu, matao yamebaki yakibeba anga, nyasi zimeota palipokuwa na madhabahu. Hata hivyo hakuna anayethubutu kung'oa jiwe. Watu wanavuka bahari kuja kusimama kimya mbele ya ukuta ulio uchi. Nani alituambia kwamba uzee ni heshima kwa mawe ya Ulaya na ni aibu kwa udongo wa Ugogo? Nani alitufundisha kuita vigae vya dukani maendeleo, na alama za vidole vya Babu uchafu? Taifa linalobomoa kuta zake litaishia kuomba kivuli kwenye kuta za wengine.

Wewe ndiye mwalimu wa kanisa. Neno lako lina uzito kuliko kamati nzima. Zuia jambo hili.

Binti yako,
Penina


Zuzu, 27 Septemba 2024

Mwanangu Penina,

Mbukwa. Sisi ni wazima. Goti ni lilelile, baiskeli nimempa Zablon aitumie.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana imeandikwa ili isomwe kwa sauti. Sasa nisikilize. Boriti ya katikati imepasuka. Unakumbuka kwamba zamani, kila Oktoba, watu walipanda juu kufukua udongo wa paa na kuweka mpya. Mwaka 1974 tukapigilia mabati juu ya udongo uleule, tukasema tumepumzika. Hakuna aliyepanda tena. Misumari imeshika kutu, maji yanapita, na ule udongo wote bado uko juu ya vichwa vyetu ukinywa.

Zablon, ambaye ni fundi na mwenyekiti wa kamati, alinionyesha ufa. Akaniambia, "Mwalimu, hapa siku moja tutaimba wimbo wa kuingilia na usiwepo wa kutokea." Alicheka. Mimi sikucheka.

Wewe umeona kuta zisizo na paa ukaziita hazina. Watu wangu wanakaa chini ya paa. Tunabomoa Jumatatu, tarehe 21 Oktoba.

Baba yako,
Bartolomayo


Zuzu, 23 Oktoba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Hukujibu barua yangu, nikadhani umebanwa na masomo.

Hatukubomoa. Jumamosi walikuja maofisa wawili wa mambo ya kale na gari, wakabandika karatasi mlangoni: jengo ni la kale, lisiguswe hata kidogo hadi mkaguzi atakapokuja. Kukiuka ni kosa. Mmoja akatusomea malalamiko yaliyopelekwa kwao, jina la mwandishi akalificha. Kuna sentensi iliyonishika, naiandika hapa nawe uisikie: "Taifa linalobomoa kuta zake litaishia kuomba kivuli kwenye kuta za wengine."

Watu wamekasirika. Wanasema ni Mama Ruthu aliyeshtaki, kwa kuwa ndiye pekee aliyelia kwenye kikao tulipopitisha kubomoa. Alipokana, mmoja akamwambia, "Machozi yako tuliyaona, barua yako tumeisikia, unataka tukuone na kalamu?" Jana wamemvua uongozi wa akina mama. Miaka kumi na tisa. Aliweka funguo za stoo mezani, akaenda zake.

Baba yako,
Bartolomayo


Visby, 2 Novemba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima.

Siwezi kuificha furaha yangu. Hatimaye dola imelitazama tembe na kuliita urithi! Hasira za watu zitapoa. Historia haijawahi kuomba radhi kwa kuchelewesha vigae. Kuhusu Mama Ruthu nasikitika. Huenda mambo yakatulia yenyewe.

Jambo moja nakusihi kama mwanafunzi wa fani hii: msiguse chochote. Msitoe boriti, msiondoe bati, msifukue udongo. Kila kitu kibaki kilivyo hadi mkaguzi afike. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza tunayofundishwa.

Binti yako,
Penina


Zuzu, 30 Novemba 2024

Mwanangu,

Tumepokea salamu zako. Hapa afya si mbaya.

Mkaguzi hajafika. Zablon amekwenda mjini mara tatu. Mara ya mwisho alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi ofisi inafungwa. Mvua imenyesha mara mbili, ndogo. Tumeabudia nje, tukalowa. Jumapili ya pili wengine waligoma, wakaingia ndani na watoto. Niliwasihi watoke. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kama halifai kuingia, mbona serikali imekataza lisiguswe?" Nilifupisha ibada, nikasoma somo moja badala ya mawili, macho yangu juu muda wote. Vumbi lilikuwa likidondoka kwenye Biblia.

Ufa wa ukuta wa kusini sasa unaingiza kiganja changu hadi kifundo. Mvua kubwa bado.

Mama Ruthu haji tena ibadani.

Nimetii karatasi, na nimekutii wewe. Nakuuliza kama mtu aliyesoma: nifanye nini?

Baba yako,
Bartolomayo


Visby, 12 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nakupigia tangu juzi, simu yako haipatikani. Naituma picha ya barua hii kwako na kwa Zablon, wa kwanza kuipata aisome.

Ni mimi niliyeandika yale malalamiko. Si Mama Ruthu. Na wewe ulijua. Hakuna baba anayenakili sentensi ya binti yake akaacha kuitambua. Ulinipa nafasi ya kusema, nami nikakujibu kwa hotuba.

Nilipopata swali lako nilikwenda kwenye Kanisa la Maria, lile moja lenye paa. Nilimkuta fundi wa mawe ameshuka kwenye ngazi, mikono myeupe kwa chokaa. Nikamuuliza ni sheria gani iliyolilinda karne zote hizo, wakati mengine yalianguka. Alinitazama kama anayetafuta kosa kwenye swali. Akasema, "Yale mengine, watu waliacha kupanda juu."

Nimezisoma kanuni mwaka mzima, Baba, na nimewakataza watu pekee duniani waliojua kulitunza jengo lile wasipande juu. Nilivitetea viganja vya Babu dhidi ya viganja vyenu.

Ondoeni udongo. Leo, kesho, kabla ya mvua. Wekeni magogo ya kuegemeza kwanza, msiruhusu mtu kukaa chini ya paa. Karatasi ya mlangoni nitaijibu mimi.

Na barua hii isome mbele ya watu wote, na Mama Ruthu awepo. Usipunguze neno.

Penina


Zuzu, 4 Januari 2025

Mwanangu Penina,

Mbukwa. Najua umengoja. Simu yangu ilianguka ndani ya maji, na Zablon nilimkataza kukujibu, kwa sababu jambo hili linastahili barua.

Yako ilifika kwake Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa Mama Ruthu nikamwomba aje. Nikasimama uwanjani, nikaisoma. Sikupunguza neno. Nilipomaliza, Zablon alikuwa akitazama viatu vyake.

Mama Ruthu ndiye aliyeinuka. Akauliza, "Huyu anayesema tuguse ndiye yuleyule aliyesema tusiguse?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi mnangoja nini? Leteni makarai."

Karatasi niliibandua mimi kwa mkono wangu, ili pasiwe na ubishi. Tuliegemeza magogo, vijana wakang'oa mabati, tukafukua. Udongo ulikuwa mzito kama nyama. Karai kwa karai, mkono kwa mkono, na wazee wakikumbuka nyimbo za kazi ambazo hatujaziimba tangu 1974. Jumapili saa nane mchana mvua kubwa ilikuja. Ukuta wa kusini ukalala nje, taratibu, kama ng'ombe anayechoka. Hakukuwa na mtu ndani. Tulihesabiana mara mbili.

Zimebaki kuta tatu bila paa. Unaona, nasi sasa tuna gofu la kwetu kama yale ya huko kwako. Kamati imekubali kanisa jipya lijengwe pembeni, na kuta hizi zikandikwe kila mwaka kabla ya mvua.

Tarehe 14 nimeitwa mjini kueleza kwa nini nilibandua karatasi ile. Nitaeleza. Usiiandikie ofisi yoyote kunitetea. Ukitaka kuandika, niandikie mimi.

Akina mama wamemrudishia Mama Ruthu funguo. Alizikubali baada ya kuombwa mara tatu. Juzi alipanga zamu za kukandika za Novemba ijayo, na jina lako ameliweka la kwanza. Nilimuuliza kama ina maana amekusamehe. Alisema uje na nguo za kuchafua, karai lako amelitenga.

Baba yako,
Bartolomayo