Diplome Ndani ya Plastiki

Jumatatu, 5 Agosti

Nimetoka barabara ya Lumumba na kazi imekwisha. Diplome ya Neema imefungwa mu plastiki, inangaa sawa kioo ya saluni. Mwenye mashine alitaka kuikunja kona, nikamukataza. Mimi nimefika Kampala, nimefika hadi Dubai, kazi muzuri naijua.

Mu nyumba hii kila karatasi iko mu plastiki. Kadi za ubatizo, karatasi ya kiwanja, hata picha ya marehemu kaka yangu. Wakati wa vita tulikimbia na karatasi zake mu mufuko ya nguo. Mvua ikatupiga. Tulipofika zilikuwa uji. Mutu alikufa mara mbili.

Neema ni binti yake. Mimi ni baba mudogo, lakini kwa kumulea sikuwa mudogo. Amepita examen d'État, mutihani ya mwisho ya secondaire. Universite ya Kampala imemukubali. Wanataka makopi yenye muhuri ya notere, yule wa serikali anayeshuhudia karatasi, basi. Gari ya Mahagi, kule mupakani, inaondoka Jumamosi. Asipofika kwa wakati, fasi yake watapatia mwingine.

Mimi sikumaliza hata ya pili secondaire. Majirani wanajua. Sasa wajue na hii.

Jumanne, 6

Biro ya notere. Benchi moja, watu umati, kila mutu na bahasha kwapani sawa anapimwa homa.

Notere mwenyewe ni kijana. Kravati inamunyonga shingo, na inafanya kazi polepole. Mihuri yake amepanga juu ya kitambaa cheupe sawa vyombo vya misa. Niliweka diplome. Akaigonga na kidole. Ko, ko.

"Papa, hii ni nini?"

"Diplome. Hujaona moja bado?"

Benchi yote ikacheka. Yeye hapana.

"Mimi naona plastiki. Napashwa kushika karatasi yenyewe, na kupiga muhuri nyuma yake mbele ya kupiga kwenye makopi. Angalia."

Akapiga muhuri juu ya plastiki, pale kwenye kona. Akapitisha kidole gumba. Wino yote ikatoka.

"Toa hii ngozi, ndipo urudi. Ijumaa nafunga saa sita."

Masomo yote ile ili ajue kufuta wino na kidole. Mutoto wangu wa mwisho anafanya hivyo na bugali, na hatumulipi.

Jumatano, 7

Mwenye mashine anasema ikishaingia haitoki. Juzi alikuwa fundi mukubwa, leo ni masikini asiyejua kitu. Mupumbavu. Prefe wa masomo, mukubwa wa shule ya Neema, anasema niombe diplome ingine Kinshasa, mwaka moja, pengine mbili. Alisema Kinshasa kama mutu anayesema mbinguni.

Nyuma ya soko kuna mzee mumoja chini ya parasoli, na mashine ya kuandika. Alinishika mukono.

"Patron, mbona unateseka? Kesho nakupatia mupya, muhuri ndani, jina ya mutoto, bendera, yote."

Niliketi. Naandika hii kwa sababu hakuna atakayesoma: niliketi, nikakunywa chai yake, nikafikiri. Ya kweli iko kwapani mwangu na ninataka kununua ya uongo. Kama Kampala wakiigundua, Neema ndiye atarudishwa kwenye mupaka sawa mwizi, mimi hapana.

Nikamwambia, "Ile uiweke kwa matanga yako."

Chai yake ilikuwa mubaya pia.

Alhamisi, 8

Nilimwambia Neema kosa ni ya notere.

"Ndiyo, baba mudogo."

Ile ndiyo imenichoma. Afadhali angenitukana. Alipika sombe ya majani ya muhogo, akanipakulia ya kwanza, mingi. Sikumaliza.

Ijumaa, 9

Asubuhi nilikuta Neema amejaza makaa mu pasi. Diplome iko juu ya meza, kitenge ya mama yake juu yake.

"Unafanya nini?"

"Plastiki iliingia na moto. Itatoka na moto."

"Leta, nifanye mimi."

"Hapana. Mikono yako ina haraka."

"Hii mikono? Hii mikono ilishika usukani hadi Kampala."

"Toka inje, baba mudogo. Hii diplome ni yangu."

Nikatoka. Nilimwelezea mbuzi wa jirani makosa yote ya serikali, tangu Mobutu. Alisikiliza kuliko wabunge. Harufu ya plastiki ikaja. Halafu sauti, trrr, sawa nguo inapasuka. Mbuzi akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

Neema akatokea mulangoni, ameshika karatasi na mikono mibili sawa mutoto aliyezaliwa sasa. Bendera iliyochapwa juu imebanduka, imebaki ndani ya plastiki. Jina iko. Sinyatire, saini za wakubwa, ziko.

Nilimupakia kwenye pikipiki, nikaendesha sawa kichaa.

Notere alipeleka karatasi kwenye dirisha. Akaishika na vidole, akainusa. Benchi yote ikanyoosha shingo.

"Nani alifungua?"

Nikafungua kinywa. Neema akanitangulia. "Ni miye."

"Ulifungua vizuri."

Akaandika nyuma kwamba bendera imeharibika na maandishi ni kamili. Akapiga muhuri. Akapitisha kidole gumba. Wino ikabaki. Kisha makopi, moja moja, bila haraka, na saa sita iko karibu.

Bado namuzarau. Kravati zaidi kuliko mutu.

Jumamosi, 10

Ameondoka. Barabara ya Mahagi wanasema iko muzuri, lakini wanaisema kwa sauti ya chini, na kule Djugu, kwa sababu ya watu wa bunduki, hakuna dereva anayesimama bure. Alifunga bahasha na kitenge kifuani. Nilitaka kumupatia mufuko ya plastiki. Alinitazama tu, tukacheka hadi dereva akapiga honi.

Nilimwambia Kampala asishangae mataa. Nikarudia neno moja ile mara tatu. Mimi.

Muke wangu alitaka kutupa ile ngozi ya plastiki. Nilikataa. Bendera iko ndani, imejikunja kidogo. Nimeiweka nyuma ya picha ya kaka.

Jumapili, 11

Mvua tangu asubuhi. Sikuenda misa. Niliketi na simu juu ya goti.

Kisha ikalia. Amevuka mupaka. Alilowa, anasema, yeye na viatu na mufuko yote.

Nikamuuliza bahasha.

Iko kavu.