Lavender Hayuko Zamu

Gesima, Nyamira
7 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Orpah,

Nakusalimu sana huko Doha. Joto imepungua? Na mgongo wako je? Sisi huku tuko, mvua ni ya kila jioni. Mama aliugua lakini sasa anatembea.

Orpah, nimekudanganya miaka miwili. Kila ukiniulizia mtoto wako, nakuambia Lavender yuko zamu hospitali. Hayuko zamu. Hajawahi kuandikwa popote. Saa hiyo yuko hapo chini na kikapu mgongoni, anachuna chai, na ni mimi nilimwapisha asikuambie.

Wewe ulitaka asomee ushonaji, na yeye pia. Mimi ndiye nilisema nesi hakosi kazi. Hata kanisani nilisimama siku ya Sabato nikasema kila boma itoe nesi mmoja. Watu wakanisikia, ole wangu. Akiingia chuo, darasa yao ilikuwa watu arobaini. Akimaliza, wale wapya walikuwa mia mbili, na vyuo vingine vimefunguliwa juu ya maduka. Nikaita hiyo baraka. Sikuuliza nani atawaandika. Kijana wa Anyona ni daktari mzima, anauza mbolea Nyakoe.

Wiki jana Mama alihara mpaka akaishiwa nguvu. Tukampeleka dispensari. Nesi ni mmoja, foleni imefika kwa geti. Na kwa hiyo foleni kulikuwa na manesi wanne wenye leseni, Lavender na wenzake watatu, kila mtu na mgonjwa wake. Lavender akaomba amwekee nyanya yake maji ya mshipani. Akaambiwa, "Wewe si wa hapa." Akakaa chini masaa matatu, ameshika mkono wa Mama, anatafuta mshipa na kidole tu.

Tukirudi nikamwambia pole. Akacheka.

"Anko, hiyo pole mpelekee mama yangu. Mwambie vile huwa niko zamu."

Sasa amejaza fomu za kuja huko, kazi ya nyumba kama yako. Wanataka sahihi ya mtu wa familia. Ile ya chuo niliweka bila kukuuliza. Hii siweki mpaka wewe useme. Mpigie saa yoyote, yuko nyumbani.

Mama anakusalimia, na Jacinta wangu, na mtoto wetu Gesare.

Mungu akutunze kuliko vile nilikutunzia mtoto.

Wako akupendaye, hata kama hutaki,
Kaka yako Ogeto